Siku Zamda Alipogoma Kuitikia kwa Kichwa

Soma hii hadi mwisho, kisha umpelekee mtu yeyote unayemjua anayefundisha.

Zamda Mkwizu alikuwa mhudumu wa zahanati kwa miaka kumi na tisa kabla ya kuingia chuo cha uuguzi. Alikuwa na miaka arobaini na mitatu, mkubwa kuliko wote darasani. Sindano na vidonda havikumsumbua. Kilichomshinda ni kuandika ripoti ya mwisho, kuhusu kazi aliyoifanya zahanati. Ilikuwa imerudishwa mara mbili, na ikirudishwa mara ya tatu, angefungasha mizigo na kurudi kwao.

Chuo kilimpangia Mwalimu Lwitiko, kijana msomi aliyewasaidia wanafunzi kuandika. Kila Jumatano walikaa meza moja, na kila Jumatano mambo yalikuwa yale yale. Mwalimu alivuta karatasi upande wake, akatoa kalamu nyekundu, akaanza kukata mistari. Zamda akijaribu kueleza, mwalimu alitazama saa. Akiendelea, mwalimu alishusha pumzi ndefu na kugongagonga kalamu mezani.

"Umeelewa, mama?"

Zamda aliitikia kwa kichwa. Hakuwa ameelewa chochote.

Jumatano ya sita, mkono wa mwalimu ulipokuja kuvuta karatasi, Zamda aliifunika kwa kiganja.

"Leo haitoki hapa, Mwalimu."

"Unasemaje?"

"Hii ni kazi yangu. Na sijaelewa. Sijawahi kuelewa hata siku moja."

"Si kila wiki unaitikia mwenyewe!"

Lwitiko akainuka na kwenda moja kwa moja kwa mkuu wa chuo, Mama Nkinda, kushtaki kwamba mwanafunzi huyo hana adabu. Wakaitwa wote wawili ofisini.

"Mwalimu amekutukana?" Mkuu alimuuliza Zamda.

"Hapana."

"Amekufokea?"

"Hapana, Mkuu. Hajawahi kunitamkia neno baya."

"Basi mwombe radhi, yaishe."

Zamda alijua kwamba neno moja tu lingemwokoa.

"Siombi," alisema. "Kwanza mwalimu aeleze malalamiko yake. Na anieleze mimi, usoni."

Mkuu akakubali. Lwitiko akamgeukia na kuanza kwa kujiamini. "Tangu mwanzo, wewe hutaki kusaidiwa..."

Zamda akatazama saa ya ukutani.

"Hutaki kusaidiwa, na mimi nimejitahidi..."

Zamda akashusha pumzi ndefu. Akachukua kalamu iliyokuwa mezani, akaanza kuigongagonga. Tak, tak, tak.

Lwitiko akarudia sentensi. Akasahau alipofikia. Yule kijana mwenye shahada mbili akaanza kubabaika kama mtoto wa darasa la kwanza.

"Mkuu, unaona anavyonidharau?"

"Nimesema neno gani?" Zamda akauliza.

Lwitiko akaitazama kalamu mkononi mwa Zamda, akatambua kwamba hivyo ndivyo yeye anavyofanya kila Jumatano.

Hakuna aliyeadhibiwa. Lakini Jumatano iliyofuata mwalimu alihamisha kiti chake, akakaa ubavuni mwa Zamda. Mikono yake akaiweka mapajani.

"Hapa ulitaka kusema nini, mama?"

Kisha akasubiri. Zamda akaitazama kalamu nyekundu, lakini mwalimu hakuigusa, wala hakutazama saa. Ndipo Zamda akaanza kusimulia habari za mwanamke aliyejifungulia kwenye benchi la zahanati, kwa sababu kitanda kilikuwa kimoja na kilikuwa na mtu. Alisimulia jinsi alivyomshika mtoto kwa kanga yake mwenyewe.

"Andika hivyo hivyo," mwalimu alisema kwa upole.

Ripoti ilipita. Alama hazikuwa za kujivunia sana, na kuna mistari miwili ambayo mtahini aliilalamikia kuwa mikali mno. Zamda alipoambiwa airekebishe, alikataa. Ilibaki kama alivyoiandika.

Funzo: Mwalimu hufundisha hata akiwa amefunga mdomo, na dharau isiyo na maneno bado ni dharau. Nawe unayejifunza, kusema "sijaelewa" si utovu wa adabu. Ni haki yako, idai.