Namba za Rangi Nyeupe

Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu. Maana yake ni kwamba jambo kubwa halimwangukii mtu pasipo kutanguliza wajumbe. Huja likipiga hodi. Shida ni kwamba wengi wetu tukisikia hodi hujisemea, "Ni upepo tu." Mayunga wa Bariadi nusura aseme hivyo.

Mayunga alikuwa fundi mkuu katika kiwanda kimoja cha kuchambua pamba, pembeni mwa mji. Kwa miaka kumi na tisa alizihudumia mashine za rola, zile zinazotenganisha nyuzi na mbegu, mpaka akawa anazijua kwa sauti kama mfugaji anavyowajua ng'ombe wake kwa milio. Mashine ikikohoa hakuuliza. Alichukua spana akaenda palepale penye ugonjwa.

Kila mwaka msimu ulipoisha, aliandika orodha ya ngozi mpya za kuvisha rola, akampelekea meneja, Bwana Constantine. Hapo vita vilianza. Constantine alikuwa mtu wa kufoka. Akifoka ofisini, njiwa wa kwenye paa waliruka. "Ngozi arobaini? Kwani unazila?" Mayunga naye hakuwa bubu. Baada ya siku tatu za kurushiana maneno, walikubaliana thelathini. Ndivyo walivyoishi, wakigombana na kuheshimiana.

Oktoba ya mwaka huo, Constantine aliipokea orodha, akaitazama, akatabasamu. "Sawa, mzee wangu. Nimeiona."

Mayunga alibaki amesimama kama mtu aliyesukuma mlango akakuta uko wazi. Alikuwa amekuja na majibu yake tayari, na sasa hapakuwa na wa kumpa.

Wiki tatu zikapita, ngozi hazikuja. Badala yake walikuja wageni wawili wenye futi ya mkanda. Walipima mashine urefu na upana, wakapima na mlango mkubwa wa kiwanda, wakapiga picha kwa simu zao, wakaondoka bila kumsalimia mtu. Kesho yake meneja alimwita Mayunga na msaidizi wake, Selestini, akawakabidhi kopo la rangi nyeupe.

"Kila kipande cha mashine kipakeni namba," alisema kwa upole. "Na wewe, mzee wangu, niandikie kwenye daftari kila kipande kinakaa wapi na kinafungwaje."

Selestini alichovya brashi huku akipiga mluzi. "Fundi, tumepanda cheo! Mashine mpya zinakuja. Wanataka ujuzi wako uwekwe kitabuni. Umekuwa profesa!"

"Kama mashine mpya zinakuja, hizi za zamani tunazipaka namba za nini?"

"Wewe nawe! Ukipewa nyama, unauliza ng'ombe alikufaje. Mimi hata shamba langu la Lagangabilili nimeshampa jirani alilime. Mtu wa kiwandani na jembe, wapi na wapi?"

Neno hilo la shamba lilimchoma Mayunga kama mwiba. Yeye pia alikuwa na ekari sita kulekule Lagangabilili, ambazo shemeji yake, Masalu, kaka wa mkewe Minza, alizilima na kuvuna mwenyewe. Kila mwaka kabla ya mvua za kwanza, Mayunga alikwenda kumpa Masalu neno moja tu: "Lima." Plau ikishakata mfereji wa kwanza, ardhi ilikuwa ya mwenye plau mpaka mavuno. Mwenye shamba aliyegeuka baada ya hapo alisemwa hadi kwa wajukuu wake. Akisema "lima" mwaka huu na kazi ikafa, watoto wake wanne wangekula nini mwaka mzima? Na akilichukua shamba halafu kazi ikabaki, angekuwa amevunja undugu bure.

Alimweleza Minza. Mkewe alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Nenda ukamwone kaka yangu. Lakini usiende na woga, baba Eufrasia. Nenda na macho."

Jumamosi asubuhi alifika Lagangabilili. Mawingu yalikuwa yamerundikana upande wa ziwa, meusi kama masizi ya chungu.

"Mwangaluka, shemeji!"

"Mwangaluka! Leo mtu wa mjini umekumbuka vumbi letu?"

Masalu alikuwa akiwatoa ng'ombe zizini. Fimbo yake haikupumzika. Alimchapa huyu, akamtukana yule na ukoo wake wote. Dume moja jeupe tu ndilo lililotoka kwa maringo, likasimama mlangoni kama bwana harusi, nalo halikuguswa. Masalu alilipapasa mgongo. "Twende, baba. Twende taratibu."

"Huyo amefanya nini hata asipigwe?" Mayunga aliuliza.

Masalu alicheka hadi magego yakaonekana. "Huyo ni wa mnada! Mwezi mzima sijamgusa kwa fimbo. Namlambisha chumvi, namwita baba. Ng'ombe mwenye alama za fimbo atanunuliwa na nani? Shemeji, ng'ombe ninaogombana nao ndio ninaobaki nao."

Mayunga alihisi kama amemwagiwa maji ya kisima. *Sawa, mzee wangu.* Mtu aliyegombana naye miaka kumi na tisa alikuwa sasa anampapasa mgongo.

"Shemeji," alisema, "dume jeupe ni mimi."

Akamweleza yote, toka ngozi hadi kopo la rangi. Kisha akapiga moyo konde. "Mwaka huu nataka kulima mwenyewe."

Uso wa Masalu ulikunjamana. "Mvua hii hapa, unaniondoa shambani kwa sababu bosi wako amepata adabu?"

"Sikuondoi. Tugawane. Tatu zako, tatu zangu. Plau na ng'ombe wako, mbegu na mikono yangu, kwa ekari zote sita. Nikiwa nimekosea, mavuno yangu yote uchukue wewe."

Masalu alikuna ardhi kwa ncha ya fimbo. Hatimaye aliuliza, "Hao wageni, walipima mpaka mlango?"

"Mpaka mlango."

"Basi. Mtu apimaye mlango ana kitu cha kutoa." Akampa mkono. "Tulime."

Jumatatu Mayunga hakunong'ona pembeni. Aliwaambia wenzake wote getini alichokiona. Wachache walimsikiliza, wengi walicheka, na Selestini akambandika jina la Mtabiri. Mayunga aliwaacha, akaenda moja kwa moja ofisini.

"Bosi, zile namba ni za safari. Sikulaumu, kiwanda si chako. Lakini daftari nitalikabidhi siku nitakapopata barua ya utumishi wangu, yenye miaka yangu yote kumi na tisa na kazi niliyoifanya."

Constantine alifungua kinywa afoke, akaishia kuuliza kwa sauti ya chini: "Nani amekuambia?"

"Wewe. Ulipoacha kunifokea."

Meneja aliinamisha kichwa. "Nimekatazwa kusema," alijibu. Hata hivyo, barua ilitoka siku ya tatu, ikiwa na mhuri. Wenzake wanne waliofuata nyayo zake nao wakapewa zao.

Januari wafanyakazi arobaini na wawili waliitwa uwanjani wakasomewa tangazo la kupunguzwa kazi. Kabla ya mwisho wa mwezi malori yalikuwa mlangoni. Mashine zikatoka vipande vipande kwa namba zao: moja, mbili, tatu. Walioangua kilio waliangua. Mayunga aliwashika mikono mmoja mmoja, akaenda zake shambani.

Februari pamba yake ilimfika magotini, na mahindi ya Minza yalikuwa yakitoa mbelewele. Kiwanda kingine kilikuwa kimeshaisoma ile barua, kikamwita aanze msimu ukifunguliwa. Alasiri moja alikuwa akipalilia alipomwona mtu anakokota baiskeli. Alikuwa Selestini, na mluzi haukuwepo.

"Mwadila, fundi."

"Mwadila. Karibu."

"Shamba langu limejaa pamba ya jirani. Nakaa kizingitini naitazama kama mgeni." Aliilaza baiskeli chini. "Nipe kibarua chochote."

"Jembe liko pale. Anzia mstari huu. Wakati wa mavuno fungu lako litakuwepo."

"Wabeja, fundi," Selestini alishukuru.

Walilima bega kwa bega mpaka kwenye ukingo wa shamba. Selestini alijinyoosha mgongo, akafuta jasho. "Lakini niambie ukweli. Wewe ulijuaje?"

Mayunga alicheka, kicheko cha mtu asiye na kinyongo. "Nilijuaje? Selestini, namba zile tulizipaka pamoja."

Selestini akaliinamia jembe. Kopo lilikuwa moja na rangi moja. Aliyeinua kichwa ndiye aliyewahi kupanda. Hakika, dalili ya mvua ni mawingu.