Bimkubwa Mwanamize na Ukuta wa Kisima

Niseme nisiseme?
— Sema, tusikie!
Ya leo au ya kale?
— Ya kale, tuipate yote!
Basi sogeeni.

Hapo kale, katika mji wa Shongwe, Sultani alikizungushia ukuta kisima cha watu wote. Maji yakawa ya jumba lake na mikomamanga yake. Watu wakavumilia kiangazi cha kwanza, wakavumilia cha pili. Cha tatu hawakukivumilia.

Siku hiyo, jua la utosi, mkewe Sultani, Bimkubwa Mwanamize, alisikia mji unavuma kama nyuki. Akaenda dirishani, akarudi. Akaketi, akainuka. Mumewe yuko wapi? Kumbe keshatoka mlango wa nyuma na farasi na walinzi wote! Jumbani amebaki yeye na mama mkwe wake, Mwana Sitiri, ambaye miguu ilikwisha kumkataa.

Kunguru akatua ukutani.

"Kwaa! Wamefika sokoni! Tupa dhahabu, ukimbie!"

Mwanamize akavua bangili, akavua mikufu, akatupa.

"Kwaa! Wamefika msikitini! Vaa kaniki, ukimbie!"

Akavaa kaniki ya mjakazi.

"Kwaa! Wamefika langoni! Mwache huyo kizee, ukimbie!"

Hapo Mwanamize akasimama. Miguu inamwasha kukimbia.

"Nenda, mwanangu," Mwana Sitiri akasema. "Niliyemzaa kaniacha, sembuse wewe?"

"Nyamaza, mama. Panda." Akambeba mgongoni.

Wakatoka mlango wa jikoni, wakaangukia katikati ya watu wenye michi na sururu.

"Ninyi akina nani?"

"Wajakazi," Mwanamize akajibu.

"Mjakazi nani?" bibi akafoka kule mgongoni. "Mimi ni mama yake Sultani!"

Loo! Michi ikainuka.

Akajitokeza mwanamke mmoja mfinyanzi, Mwanatabu, sururu mkononi. Kiangazi hicho alikuwa amemzika mwanawe, kiu imemuua. Akamshika Mwanamize kidevu.

"Ulijua?"

"Kwaa! Sema hukujua!" kunguru akalia juu yao.

Mwanamize akajibu, "Nilijua. Niliwasikia mkigonga ukuta. Nikaenda kuoga."



Mwanatabu akalia mpaka mabega yakamtikisika. Kisha akasema, "Damu yako hainirudishii mwanangu. Mweke bibi kivulini. Shika sururu hii, ubomoe."

Mwanamize akapiga, akapiga, akapiga, viganja vikachubuka. Watu wakapiga naye. Ukuta ukaanguka.

Wakawaacha hai, wakawapa kibanda karibu na kisima. Lakini Mwanamize hakutulia tena. Soko likipiga kelele, anashtuka. Mwanatabu alichota maji kando yake kila asubuhi, asimpe hata salamu.

Siku moja akaja mjumbe wa Sultani, kajifunika uso. "Bwana anasema, njoo. Ana jumba jipya ng'ambo ya mto."

"Kasema nini kingine?"

"Basi, hayo tu."

Mwanamize akainua ndoo yake. "Mwambie mama yake yu mzima. Hilo hakuliuliza."

Funzo lake ni hili, enyi wasikilizaji: mkubwa akidhulumu, hasira huwafikia kwanza wale aliowaacha nyuma, na aliyenyamaza anakula dhuluma hiyo, naye ana la kujibu.

Hadithi yangu nimeitua. Anayeitaka aibebe, asiyeitaka aniachie mkeka nilale.