Moto wa Kuomba Jumamosi

Hicho kiberiti kirudisheni mfukoni, nyie wa mjini. Hapa mlimani kwetu Jumamosi jioni hakiwashwi, na mkaa wenu wa chai utangoja. Kaeni karibu na mafiga niwaambie sababu. Na wewe Senkondo acha kucheka, hujasikia hata neno moja.

Zamani, viberiti havijafika huku, kila nyumba ilikuwa na moto wake na mlango wake. Injili ilikuwa imekwisha kufika. Jumapili watu waliimba kanisani mpaka udongo ukadondoka ukutani, kisha kila mmoja akarudi kwake akajifungia. Mungu akikupa mvua, ulimshukuru peke yako jikoni. Kumwambia jirani? Aa, ungeonekana unajivuna.

Alikuwapo mjane mmoja, Nietiwe, nyumba yake ya juu kabisa, kule kwenye ukungu. Mumewe alipokuwa hai walikuwa na desturi yao wawili: kila jioni, kabla ya kula, kila mmoja alimwambia mwenzake jambo moja jema alilotendewa na Mungu siku hiyo. Mbuzi kazaa salama. Homa imeshuka. Vitu vidogo vidogo tu. Mume akafa, na watoto hawakujaliwa. Nietiwe akabaki na moto, akauchunga usizimike. Majirani wakitazama juu na kuona moshi walisema, "Yule mzima," wakaendelea kulima.

Upweke ulimla, jamani. Jioni moja aliketi na chakula chake, akatafuta jambo jema moja la kukumbuka, hakulipata. Akajaribu la jana. Hakuna. Akaogopa kuliko alivyoogopa siku ya msiba. Mume alikwisha kwenda. Sasa hata wema wa Mungu ulikuwa unamponyoka, kwa sababu hakuwa na wa kumwambia. Lakini aende kwa watu aseme amefuata nini? Siku zile hukubisha hodi kwa mtu bila haja.

Basi akachukua maji yake ya kunywa, akayamwaga motoni. Chwaa! Moto wa miaka yote ile. Akaokota kigae cha chungu, akateremka kwa jirani yake Nakunda, mama ambaye mumewe alikuwa kibaruani kwenye mashamba ya mkonge huko bondeni.

"Hodi. Naomba moto, mwenzangu."

"Karibu. Lakini wewe moto wako haujawahi kuzimika! Kulikoni?"

Nietiwe angeweza kusingizia mvua. Akashindwa. "Nimeuzima mwenyewe. Nilitaka mtu wa kumwambia kwamba leo Mungu ameniamsha."

Nakunda akaweka mwiko chini, akalia. Kisha naye akasema lake: mwanawe alikuwa ameanza kutembea juzi, na hakuna mtu mwingine aliyejua. Wakaambiana na kuambiana hata makaa kwenye kigae yakawa majivu, ikabidi Nietiwe atiliwe mengine.

Kesho yake, Jumamosi, Nakunda akapanda kwa Nietiwe, kigae mkononi. "Hodi, naomba moto. Wangu umezimika." Nyuma yake, kule chini, moshi ulikuwa unatoka kwenye paa lake, mweupe, kila mtu anauona. Nietiwe akautazama ule moshi, akamtilia makaa, wala hakuuliza kitu.

Majirani nao wakasikia, wakafuata nyumba kwa nyumba. Na tangu siku hiyo, Jumamosi jioni watu wa mlima huu huzima moto, isipokuwa nyumba moja kwa zamu, na wengine wote huenda hapo na vigae vyao. Hupewi kaa hata moja mpaka useme jambo jema ulilotendewa na Mungu wiki hiyo.

Siku hizi, eeh, viberiti vipo, gesi ipo, na nyumba nyingi zina kufuli, wenyewe wako huko mjini kwenu. Jumamosi iliyopita ilikuwa zamu yangu. Nilichochea moto mpaka kuni zikaniishia, hakuja mtu. Nikajisemea langu mwenyewe, nikalala. Iliniuma, siwafichi.

Leo nimewasha tena. Vigae viko pale nyuma ya mlango, vipanguseni vumbi, kila mmoja achukue chake. Haya, tokeni nje, mfunge mlango, kisha mpige hodi. Mimi niko hapa, nitaitikia.