Kwa Nini Kanga Dume Huja Ukinyamaza

Zamani hizo kanga wa porini hakuwa na sauti. Madoadoa alikuwa nayo, upara alikuwa nao, lakini alikuwa bubu, na aliyetaka kumla alimtega kwa tanzi au alilala na mboga za majani. Waliokuwa wakiitana porini ni watu.

Vichaka vilikuwa vizito, hasa mvua za kwanza zikishuka na kila kitu kikiota kwa fujo. Mtu akienda hatua thelathini keshapotea. Kwa hiyo kila mume na mke walikuwa na filimbi mbili za mfupa. Aliyebaki nyumbani alipanda kichuguuni asubuhi akapuliza sauti mbili, ya chini kisha ya juu: njoo. Aliye porini alijibu sauti moja fupi: nipo. Basi. Watu wa wakati ule hawakuwa na maneno mengi kama ninyi.

Sechelela alikuwa mke wa Mbeleje, mtega ndege. Siku moja alirudi kutoka kupalilia mtama, tumbo limeshikana na mgongo, akakuta kanga ameiva chunguni. Akala firigisi. Na firigisi ilikuwa ya mume. Mke aliyeila alihesabiwa mwizi. Mbeleje alifunua chungu, akakoroga mchuzi, akakoroga tena.

"Iko wapi?"

"Nimekula."

"Firigisi yangu?"

"Ilikuwa yako," Sechelela alisema. "Na jembe lile pale ukutani ni la nani? Mbona hilo hulitafuti?"

Mbeleje alichukua filimbi na matanzi yake akaondoka. Desturi ilisema mume aliyeondoka kwa ajili ya firigisi afuatwe na mkewe aliyebeba kuku mzima aliyepikwa, na mke apige magoti. Kuku Sechelela alikuwa nao. Tatizo lilikuwa magoti.

Akapanda kichuguuni, akapuliza. Njoo. Kutoka upande wa mikwajuni jibu likaja: nipo. Alitabasamu peke yake, akashuka, akasonga ugali wa watu wawili, na jioni akaula wa kwake. Wa mwenzake ukapoa. Kesho yake akapuliza tena, na keshokutwa, asubuhi na adhuhuri. Kila mara alijibiwa, na hakuna aliyekuja. Kanga waliookota nafaka chini ya kichuguu walimzoea hadi wakawa wanasimama kumsikiliza. Kitanda kilikuwa kipana mno. Hata moto aliuona hauwaki vizuri bila mtu wa kumwambia kuni zake ni mbichi.

"Wifi," alisema Nhonya, dada wa Mbeleje, aliyekuja kuazima ungo, "firigisi umeila, sasa masikio ya kaka yangu nayo unataka kuyatoboa?"

"Ungo huo hapo, wifi. Uchukue na mdomo wako."

Siku chache baadaye akapita Mzee Chilewa, mrina asali, na harufu yake ya moshi.

"Mama, mumeo nimemwona. Kajenga kibanda mikwajuni."

"Anasemaje?"

"Anasema akisikia filimbi yako anajua hujambo, unakula, unalala. Kwa hiyo hana haraka. Utachoka, utamfuata." Mzee alijikuna kidevu. "Nyamaza, mama. Hujampa hata siku moja ya kukukosa. Atakumbuka nini?"

Sechelela akanyamaza. Siku ya kwanza Mbeleje alipuliza kule mikwajuni bila kuitwa, jambo ambalo hakuwa amelifanya hata mara moja. Siku ya pili alipuliza karibu zaidi. Siku ya tatu sauti ilitoka korongoni, na Sechelela, ambaye si mtu wa kulia, aliziba mdomo kwa kiganja, machozi yakapita kati ya vidole.

Siku ya nne hakusikia filimbi. Aliona nyasi zikitikisika ukingoni mwa shamba, kisha Mbeleje akatokeza, amekonda, amenyoosha shingo, macho yakiwa kwenye paa lisilotoa moshi. Mguu mmoja ulikuwa juu, haujui utue wapi. Sechelela hakutaka kitu kingine duniani ila mguu ule utue upande huu. Na kwa kuwa alikuwa amejizuia siku nne, furaha ilimshinda. Akapuliza. Njoo.

Aliuona woga ukimtoka Mbeleje usoni, akaona na kilichoingia mahali pake. Shingo ilirudi. Mtu wake alijibu kwa sauti moja ya kushiba, akageuka, akarudi kichakani polepole kama mtu anayejua kwamba atafuatwa. Kati yao zilikuwa hatua hamsini tu. Sechelela aliketi palepale akingoja ageuke.

Jua lilipofika utosini akakamata kuku, akachinja, akapika, akaenda. Kibanda kilikuwa kitupu, majivu bado yana joto. Mbeleje naye alikuwa amengoja kufuatwa mpaka akachoka. Mvua ikanyesha, ikafuta nyayo. Hapo Sechelela akapiga magoti, pasipo na mtu wa kuyaona, akapuliza mpaka jioni. Hakujibiwa siku hiyo wala nyingine. Wengine walisema simba, wengine walisema mke mwingine. Yeye aliendelea kupanda kichuguuni kila mvua za kwanza zilipoanza, na pumzi zake zilipokwisha, kanga jike waliokuwa chini waliichukua sauti yake. Madume walichukua ile nyingine.

Hivyo ndivyo mlivyowakuta. Jike huita sauti mbili, dume hujibu moja, wala hasogei. Mwindaji anayeijua kazi yake huiga jike mara moja au mbili tu, kisha huziba mdomo kwa kiganja na kukaa, hata siafu wakimpanda; na dume, akiona kimya kimezidi, huja mwenyewe shingo mbele. Kila mwindaji analijua hilo. Jike peke yake hajajifunza. Mvua ikinyesha kesho, mtamsikia.