Kasha la Taa la Mbwana

Aanzaye na kofia huishia kuchonga kichwa. Nimesema, na narudia. Usininunie, Zawena. Umenunua kava la simu lenye maua na vito vya kumetameta, na simu yenyewe huna. Na wewe mdogo wake usicheke, yako nayajua. Mnataka kujua methali hii ilianzaje? Kaeni basi, maharage bado hayajaiva. Ilianzia mtaa huu huu wetu wa Ngamiani, na aliyeisababisha mnamfahamu, ila siku hizi ana kitambi na anajifanya hakumbuki.

Palikuwa na kijana akiitwa Mbwana, mtoto wa Bi Mwanakombo mshona kofia. Mbwana alikaanga mihogo pale kona, akadunduliza mwaka mzima, ili ajijengee kompyuta ya kuchezea gemu. Zilizo tayari hazikushikika kwa bei. Aliambiwa ukinunua kipande kimoja kimoja ukaunga mwenyewe, hata hela ndogo inatosha. Na haja yake ilikuwa kubwa. Vijana wa mtaa walikuwa na timu ya gemu ya mpira, na Jumamosi ile walikuwa wanashindana na vijana wa Muheza. Kila mchezaji aje na mashine yake. Asiye na mashine, nafasi yake inakwenda kwa jirani yao Shekue, yule yule ambaye Mbwana alikuwa akimcheka kila siku kwamba hajui hata kupiga penalti. Fikirieni aibu hiyo.

Basi akaenda dukani. Muuzaji alikuwa mtu mpole, akamwambia, "Kijana, kwa hela hii tuanze na kadi ya picha, maana ndiyo inayochora gemu. Halafu prosesa, ubongo wa mashine. Kasha la kuvitilia tutalitafuta mwisho, hata la bei rahisi litafaa."

Mbwana wala hakuwa anasikia. Macho yake yalikuwa rafuni, kwenye kasha dogo lenye ubavu wa kioo, taa za ndani zikigeuka nyekundu, kijani, zambarau.

"Nipe lile."

"Lile tutalinunua mwisho, mdogo wangu."

"Kaka, hiyo kadi ataiona nani? Kinachoonekana ni kasha!"

Akalilipia, likameza karibu nusu ya akiba. Kwa kilichobaki akapata prosesa ya wastani na vikorokoro vingine, lakini kadi mpya hakuiweza tena, hata ile ndogo kabisa. Akaangukia moja iliyotumika, ya zamani, yenye nguvu lakini ndefu, feni tatu zimejipanga. Muuzaji akamwambia apime kwanza. "Itaingia tu," akajibu Mbwana, na rula hana.

Alasiri yake tukajaa sebuleni kwa Bi Mwanakombo, na mimi nikiwemo. Zikawashwa taa kwanza, tukapiga vigelegele, kompyuta yenyewe bado. Kisha ikaja kadi. Haikuingia! Ilizidi kwa upana wa vidole viwili. Akaiingiza kiubavu, akaigeuza kichwa chini, akapiga bismillahi, wapi! Shekue alikuwa mlangoni anatafuna mihogo ya Mbwana mwenyewe. Akasema, "Labda ungeiloweka kwanza, ilainike."

Mbwana akakimbia dukani kurudisha kasha. Akaambiwa kilichouzwa kimeuzwa, na nailoni ya kwenye kioo keshaibandua. Akarudi, akapita moja kwa moja hadi uani, akaibana ile kadi katikati ya magoti na kushika msumeno wa chuma.

Mama yake alikuwa barazani akimpima mteja, maana Bi Mwanakombo hashiki sindano kabla ya kuzungusha uzi kichwani mwa mwenye kofia. Akasikia kwaru, kwaru. Akatoka mbio na uzi mkononi, na mteja naye mbio nyuma yake, kwa kuwa uzi ulikuwa bado umemzunguka kichwa.

"Mbwana! Unafanya nini?"

"Napunguza ncha, Mama. Huku nchani hakuna kitu."

"Hiyo si ndiyo inayochora gemu?"

"Ndiyo."

"Na lile la taa linafanya nini?"

Mbwana akafikiri. "Linawaka."

"Lo! Mwanangu wee! Tangu unazaliwa unaniona napima vichwa. Mteja akibanwa na kofia yangu, nimkalishe hapa nimchonge kichwa?"

Yule mteja akakishika kichwa chake kwa mikono miwili.

"Wewe umeanza na kofia, sasa unachonga kichwa. Lete huo msumeno!"

Bahati, meno yalikuwa yamekwaruza plastiki tu. Bi Mwanakombo akaingia ndani, akatoka na kreti ya soda aliyokuwa akiikalia jikoni. Akapima kadi kwa uzi, akapima kreti. Ikatosha na nafasi ikabaki. Mbwana akaanza kulia, mtu mzima na ndevu zake.

"Mama, nitachekwa."

"Utachekwa. Sasa chagua, uchekwe huku unacheza, au uchekwe huku unamtazama Shekue akicheza."

Wakavifunga vipande ndani ya kreti kwa uzi wa kofia. Jumamosi Mbwana akaingia ukumbini na kreti kichwani. Vijana wa Muheza wakamuuliza kama soda ni za baridi. Aliwafunga mabao matatu, na Shekue, kusema haki, ndiye aliyeshangilia kuliko wote.

Na lile kasha? Nendeni dukani kwa Bi Mwanakombo mkalione. Amelitia kofia ndani, zinamulikwa nyekundu, kijani, zambarau, na wateja wanalipenda kwelikweli. Mbwana akipita pale hutazama upande wa pili wa barabara.

Haya, Zawena, lete hilo kava tulione. Zuri, sikatai. Ila siku ukipata simu na isiingie humo, usije kwangu kuazima msumeno. Aanzaye na kofia huishia kuchonga kichwa.