Kisima Ambacho Waheshimiwa Hawakukinywa

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa na mji wao na baraza lao, paliishi mjane mmoja, Bi Digidigi, na mwanawe Chausiku. Mtoto akaanza kuharisha na kutapika. Majirani nao, nyumba hadi nyumba, vilio.

Watu wa baraza walikuwa wamevipima visima vyote. Bi Digidigi akaenda mbio mpaka ofisini.

“Kisima kipi kina maji mabaya?”

Katibu Fisi akapiga mwayo. “Taarifa ziko wazi kwa wote. Tumezibandika.”

“Wapi?”

“Pale juu ya paa.”

“Mimi kimo changu hakifiki goti lako!”

“Basi refuka,” akasema Fisi. Mwenyekiti Kiboko akacheka, kwa kwa kwa!

Bi Digidigi alitoka na hasira. Akarudi nyumbani, akatafuta vibuyu.

Siku ya mkutano, jua kali, akaja na vibuyu vitatu kichwani, mji mzima umekaa.

“Waheshimiwa, poleni na kazi. Nimewaletea maji. Hiki cha Kisima cha Bondeni.”

Kiboko akagugumia, gu-gu-gu! Fisi akamalizia.

“Hiki cha Mlimani.”

Gu-gu-gu!

“Na hiki cha Sokoni.”

Kiboko akafumba mdomo, pa!

“Nimeshiba,” akasema.

“Mimi nimefunga,” akasema Fisi.

“Umefunga? Na ndevu zako zinachuruzika maji?”

Wanyama wakaanza kunong'ona. Bi Digidigi akakitwaa kibuyu cha tatu, akakinywa chote mbele yao.

“Vyote ni maji ya mvua, ya mtungi wangu! Nilikuwa sijui kisima kibovu ni kipi. Sasa mmenionyesha wenyewe. Mlijua! Wanetu wanatapika, nyinyi mnajua!”

“Tutaunda kamati…” akaanza Kiboko.

“Kaa chini!” mji mzima ukanguruma.

Wakaenda palepale, wakakiziba Kisima cha Sokoni kwa miiba. Tangu hapo kila kisima kikipimwa, alama huwekwa kisimani penyewe: jiwe jeupe maji mazuri, jiwe jeusi mabaya, chini kabisa, hata Panya aone.

Chausiku alipona. Mtoto wa Sungura hakupona, na Bi Digidigi hajawasamehe wale wawili mpaka leo.

Hadithi yangu imetua hapa, nanyi shikeni hili: taarifa ya mji haijawa wazi mpaka mdogo kuliko wote aione na kuielewa.