Injini Haisomi Kibao

Injini haisomi kibao. Jana mlimsikia dereva wa lori akimwambia mwenzake hivyo, mkacheka bila kujua mnachekea nini. Kaeni basi, na mwenye haraka atangulie. Methali hii ilizaliwa kwenye mlima Shukatusukume, huku kwetu kwenye mashamba ya chai, nami nilikuwemo garini siku yenyewe, nimepakata keki.

Mlima ule ulikuwa mkali hata mbuzi waliupanda kwa zamu. Na kanisa letu, sijui nani aliyechagua kiwanja, lilijengwa kileleni. Kwa hiyo kila bibi harusi ilimlazimu kuupanda, na aliyewapandisha ni Lutengano, kwa gari lake dogo jeupe. Hakuwa na kazi nyingine.

Siku moja gari lilikata pumzi katikati ya mlima. Bibi harusi akashuka, akavua viatu, akasukuma. Mji mzima ulicheka, na aliyecheka kuliko wote ni Kihwelo, ambaye naye alikuwa na gari, na siku nyingi aliitamani kazi ile ya maharusi.

"Lutengano, Jumamosi tushindane kupanda," alisema pale sokoni, mbele ya watu. "Atakayeshindwa aandike NISUKUMENI kwenye kioo cha nyuma, mwaka mzima!"

Lutengano alikubali kwa hasira. Alipofika nyumbani ndipo akili ikamrudia: ni bibi harusi gani atapanda gari lililoandikwa hivyo?

Mjini palikuwa na karakana moja maarufu ya kuongeza magari nguvu. Kibao chake kilikuwa kirefu kuliko karakana yenyewe: KASI, NGURUMO, HESHIMA. Kihwelo alikwisha kupeleka gari lake pale, likatoka na bomba la moshi nene kama mtungi, magurudumu mapana, na bawa nyuma. Likinguruma, kuku wa kata nzima walitaga kabla ya siku zao.

Lutengano naye akaenda. Fundi akamfungulia kitabu cha picha za mabawa, achague.

"Mbona hujaniuliza naendesha wapi?"

"Gari ni gari, kaka. Chagua rangi."

Lutengano akaaga. Nyuma ya mashine ya kusaga kulikuwa na banda la Mama Subilaga, aliyejifunza ufundi kwa kuiuguza injini ya mashine ile ile. Kibao hakuwa nacho, hata cha chaki.

"Kamwene, mama."

"Kamwene, mwanangu. Linakufia kona ya ngapi? Ukiwa na watu wangapi?"

Wakaenda wote mpaka mlimani. Mama akaegemeza mpini wa mwiko kwenye injini, ncha ya pili sikioni, akasikiliza kwa muda mrefu kama mkunga. Waliporudi bandani, alifungua kasha la kichujio cha hewa. Mle ndani yakamwagika maua ya karatasi ya harusi za miaka kumi na moja.

"Nguvu unazo," alisema. "Umekabwa na maua tu."

Akasafisha kabureta, akabadilisha plagi, kisha akafunga difu ya lori la chai, ile gia ya ekseli ya nyuma, yenye meno ya kupandia milima. "Tambarare litakuwa zito. Usihangaike. Wewe ngojea mlima."

Jumamosi ikafika, na ilikuwa siku ya harusi ya Editruda. Lutengano alitaka kumtafutia gari lingine. Editruda akaingia, akafunga mlango kwa kishindo.

"Nimekodi gari hili, kaka. Padri ananisubiri. Washa!"

Tambarare Kihwelo alituacha tukila vumbi, anapunga mkono dirishani. Lakini kona ya tatu gari lake lilichemka kama birika la msibani, magurudumu mapana yakazunguka bure, na lile bawa likashika upepo uliokuwa ukishuka mlimani, likawa kama linamvuta mkia. Sisi tukapita polepole, bila kelele. Editruda akatoa kichwa nje, shela inapepea:

"Shemeji Kihwelo, shuka usukume!"

Tulifika kileleni kwa vigelegele. Hata ua moja la keki halikuhama mahali pake, na anayebisha akamuulize padri. Kihwelo alikuja baadaye, kwa miguu, anahema.

"Haiwezekani! Langu limetengenezwa kwenye kibao cha mita sita! Wewe mama, hata kibao huna!"

Mama Subilaga alikuwa akifuta mwiko wake kwa khanga.

"Kweli sina, mwanangu. Lakini hiyo injini yako ilisoma darasa la ngapi, hata ikakijua kibao?"

Watu wakaangua kicheko mpaka kengele ikachelewa kupigwa.

Kihwelo alitembea na NISUKUMENI yake mwaka mzima, na watu wa kwetu ni watiifu: walimsukuma hata alipoegesha kununua nyanya. Mwishowe alipeleka gari kwa Mama Subilaga, likapona. Kwa shukrani akamletea kibao kikubwa chenye jina la mama mwenyewe. Mama akapokea kwa mikono miwili, akakigeuza maandishi chini, akakilaza sakafuni. Ndicho anacholalia mpaka leo akiingia chini ya magari, na foleni ya wateja wake inafika kwenye mashine ya kusaga.

Wajukuu zangu, injini haisomi kibao.